Mabomba Mawili ya Pikapu

Ndabibi,
11 Januari 1953

Ndugu yangu Zedekia,

Nimefika salama, ingawa pasi yangu imekaguliwa mara tatu kati ya Nakuru na hapa. Bwana Tindall amenipa chumba kando ya zizi, na shemeji yangu Gathecha, yule mdogo wake Mama Mugure anayekamua ng'ombe wa shamba hili, ananiletea maziwa kila asubuhi. Barua hii ataipeleka yeye Naivasha, pamoja na madebe ya maziwa.

Pikapu yenyewe ni Ford ya kabla ya vita. Nimeikuta chini ya mgunga, kuku wakitagia ndani. Bwana anataka tuifanye gari la mbio, ashindane nayo na wazungu wenzake. Ameshanunua injini ya silinda nane iliyotoka kwenye lori la jeshi. Mimi nimekata nguzo za kichwa, nimeshusha paa kwa upana wa vidole vinne, na sasa dereva ataona barabara kama mtu anayechungulia chini ya kofia. Nilimwuliza Bwana kama hilo halimsumbui. Akasema, "Naftaly, nataka wakiliona wanyamaze."

Kazi yako wewe ni boneti. Bati nimeliwekea alama ya chaki. Lifulie juu ya ule mfuko wa ngozi wenye mchanga, wala si juu ya chuma, na uende kwa kuzunguka. Usipige mahali pamoja mara mbili mfululizo, maana bati huchoka kama mtu.

Yale mabomba manne ya moshi usiyaguse. Hayana mshono, yametoka Nairobi, na Bwana Gurdit ameyaandika kwenye kitabu cha gereji. Yatapita nje, mawili kila upande, chini ya milango. Kuyapinda kuna namna yake, na nitakuonyesha nikirudi mwisho wa mwezi.

Mpitie Mama Mugure pale Bondeni umwambie sijambo.

Wako,
Naftaly Mburu


Nakuru,
20 Januari 1953

Fundi wangu Naftaly,

Barua yako nimeipata, na Mama Mugure nimempelekea salamu. Mtoto ameota jino la pili.

Boneti imekubali. Bwana Gurdit alifumba macho akapitisha kiganja juu yake, akagusa mahali pawili, akasema, "Hapa na hapa." Nikapiga tena. Jana amepitisha kiganja na hakusema kitu, na wewe unamjua Kalasinga wetu, kunyamaza kwake ndiyo sifa.

Polisi wanapita gereji zote za mji kuhesabu vyuma. Wanasema bunduki za msituni zinatengenezwa kwa mabomba. Kwetu hawajafika bado. Mabomba yako yapo salama.

Kama kazi ya huko haijaisha, usiharakishe kurudi. Sisi hapa tunajiweza.

Mwanafunzi wako,
Zedekia Omolo


Kandara,
14 Machi 1953

Shemeji Zedekia,

Naandika mwenyewe, nilisoma mpaka darasa la tatu, kwa hiyo nisamehe makosa.

Tulitiwa kwenye treni siku ya nane baada ya Naftaly kukamatwa. Niliruhusiwa sufuria mbili, blanketi na mtoto. Tumeletwa hapa rizavu ya Wakikuyu, kwa watu wanaoitwa jamaa za Naftaly, lakini yeye alizaliwa Ndabibi kama mimi na hapa hakuna anayemjua. Tunalala kwenye ghala la mahindi. Mama yangu naye ameletwa kutoka Ndabibi, tuko naye. Ndugu yangu Gathecha alichukuliwa kule shambani mwezi wa pili, hatujui alipo.

Shemeji, wewe ulikuwepo gerejini siku ile. Nimeambiwa kitabu cha gereji kilisema mabomba manne na yakapatikana mawili, na kwa kuwa Naftaly peke yake ndiye Mkikuyu pale, wakasema ameyatoa yakawe bunduki. Naftaly hajaiba hata msumari maishani mwake. Nakuomba utafute. Inua kila kitu. Mabomba si sindano. Ukiyapata, uwapelekee polisi, mume wangu atatoka.

Ni mimi,
Wamaitha, Mama Mugure


Nakuru,
2 Aprili 1953

Mama Mugure,

Pole kwa yote. Nimesoma barua yako mara nyingi.

Nimetafuta. Nimeinua kila kitu kama ulivyosema. Sikuyaona.

Bwana Gurdit ameagiza mabomba mengine mawili, na mimi ndiye niliyewekwa mahali pa Naftaly mpaka atakaporudi. Nyundo zake nazitunza. Nimezipaka mafuta zisishike kutu. Nakutumia vitambaa vya mtoto na sabuni kwa mkono wa mlinzi wa treni tunayefahamiana naye.

Nikisikia lolote nitakuandikia.

Zedekia Omolo


Kambini,
23 Agosti 1953

Ndugu Zedekia,

Tunaruhusiwa ukurasa mmoja, na barua zinasomwa. Mimi ni mzima. Mkono wa kulia haufungi vizuri, vidole viwili vimekuwa na ukaidi, lakini wa kushoto uko sawa.

Nimeambiwa unaimalizia pikapu wewe. Nimefurahi haikupewa mtu mwingine. Sasa nikufundishe kwa karatasi nilichotaka kukuonyesha kwa mikono. Bomba tupu ukilipinda litajikunja. Lijaze mchanga, lakini kwanza uukaushe huo mchanga juu ya bati la moto mpaka uteleze kama sukari. Unyevu ukibaki, bomba litapasuka na linaweza kukuua. Shindilia, ziba ncha zote mbili kwa vipande vya mti, kisha pasha mahali pa kona mpaka pawe pekundu kama nyanya inayoiva. Vuta polepole, kwa pumzi moja.

Nina muda mwingi wa kufikiri hapa. Yale mabomba mawili, nimewapima watu wote wa gereji mmoja mmoja, hata mlinzi, hata Bwana Gurdit. Wewe peke yako sikukuweka kwenye hesabu.

Wako,
Naftaly Mburu


Nakuru,
11 Oktoba 1953

Fundi Naftaly,

Mchanga nilikausha kama ulivyosema. Mabomba yamekubali yote manne, hayana hata kikunyanzi kimoja.

Pikapu imekwisha. Tuliipaka rangi nyeusi. Imekaa chini sana, ukisimama kando yake paa linakufika kifuani. Jumapili iliyopita Bwana Tindall aliipeleka kwenye mbio kule Gilgil, akanichukua mimi niketi nyuma na spana. Ilipowashwa watu walinyamaza kweli. Alikuja wa pili. Mzungu mmoja akauliza bodi hii imetoka nchi gani, na Bwana Tindall akaninyooshea kidole mimi. Wakapiga picha. Nilitaka kusema ni kazi ya Naftaly Mburu. Sikusema, kwa kuwa jina lako siku hizi likitajwa mbele yao mtu anaulizwa mengine.

Najua hiyo si sababu.

Zedekia


Kandara,
20 Juni 1954

Shemeji Zedekia,

Sina la kukuficha wala nguvu ya kuandika sana. Tumehamishiwa kijiji kipya, nyumba zimebanana, na kuanzia asubuhi tunachimba mtaro wa kukizunguka. Mugure sasa anatembea.

Jana chifu alimwita mama yangu akamwambia Gathecha amekufa kambini kwa homa ya matumbo. Hawakutupa hata shati lake. Alikufa tangu mwezi wa tatu.

Mama aliuliza mwanawe alikuwa amekosa nini. Chifu akasoma karatasi: Gathecha ndiye aliyetajwa kwamba alipokea mabomba mawili kutoka Nakuru. Zedekia, Gathecha hakuwahi kufika Nakuru. Alikuwa na ng'ombe wake thelathini wa kukamua, akimaliza kuwakamua anakwenda kulala. Nani angemtaja mtu kama huyo? Nalala nikiuliza, naamka nikiuliza.

Wewe unayekaa na watu wa mji, ukisikia jina la aliyemtaja, niambie.

Wamaitha


Nakuru,
4 Julai 1954

Mama Mugure,

Tarehe kumi na tano Januari mwaka jana, Naftaly akiwa Ndabibi, nilichukua bomba moja katika yale manne. Alikuwa amenikataza. Nilitaka arudi akute kona ya kwanza imeshapindwa, aseme, "Zeddy, nani alikufundisha?" Nililipasha nikalivuta, likajikunja kama bua la jani la mpapai lililokanyagwa. Nikadhani kosa ni moto mdogo. Nikachukua la pili, nikazidisha moto, likapasuka ubavuni. Sikujua habari ya mchanga. Hiyo alikuja kunifundisha yeye, kutoka kambini, kwa mkono ulioumizwa kwa ajili yangu.

Niliyatia yote mawili chini kabisa ndani ya lile shimo tunamosimama tukitengeneza magari, nikamwaga oili chafu na maranda juu yake. Nilikusudia kumwambia akirudi. Alirudi asubuhi ile ile polisi walipofika kwetu kuhesabu. Alikuwa bado na mkoba wa safari begani. Mkaguzi akaniuliza, "Unajua mabomba mawili mengine yako wapi?" Nikasema sijui. Naftaly aliniangalia. Hakuniangalia kwa kunishuku. Aliniangalia kama mtu anayeshukuru kwamba mwenzake angalau hatachukuliwa.

Utauliza niliogopa nini. Niliogopa kufukuzwa kazi. Hofu yenyewe ilikuwa ndogo hivyo. Nikasema nitawaambia kesho, watakapokuwa wametulia. Kesho yake wewe na mtoto mkawa kwenye ua wa polisi pamoja na wenzenu, na mimi nikaogopa zaidi, kwa sababu sasa ningekuwa mtu aliyenyamaza siku nzima. Halafu wiki. Halafu uliniomba nitafute, nikakuandikia kwamba sikuyaona. Nilikuwa nimesimama juu yake nilipokuwa nikisoma barua yako.

Barua yako ya Gathecha ilifika Jumanne. Jumatano niliingia shimoni nikayatoa, nikayafuta oili, nikayabeba begani mchana, katikati ya mji, mpaka kwa polisi. Yule mkaguzi wa kwanza amehamishwa. Huyu mpya aliyatazama, akanitazama mimi, akasema, "Faili hii ilishakwenda Nairobi." Nikamwambia watu wawili wamefungwa kwa ajili ya vyuma hivi na mmoja amekufa. Akasema, "Hata hivyo watakuwa na mengine." Akaniambia niyaache ukutani niende. Aliandika jina langu, lakini sijui kama aliandika na nilichosema.

Bwana Gurdit nilimwambia pia. Aliondoa aproni yangu msumarini akanipa mkononi, akasema, "Mtu mzuri alitoka hapa." Kesho nakwenda Njoro, kuna karakana ya majembe ya trekta inayotafuta mchomeleaji.

Uliomba jina la aliyemtaja Gathecha. Silijui. Najua la yule aliyefanya kuwe na kitu cha kutajwa, nalo ni hili ninalotia chini.

Sikuombi kitu.

Zedekia Omolo


Njoro,
9 Machi 1955

Mama Mugure,

Sijapata jibu na sikustahili. Naandika tu ili ujue ninapopatikana, kama kutahitajika mtu wa kusimama mbele ya mtu yeyote na kusema tena. Nilimwandikia pia mkuu wa kambi. Hakujibu.

Zedekia Omolo


Kandara,
17 Novemba 1956

Zedekia,

Niliachiliwa tarehe tatu mwezi huu. Hakuna aliyeniambia kwa nini nilifungwa wala kwa nini nimefunguliwa. Siku ya pili Mama Mugure alinipa barua yako. Alikuwa ameiweka miaka miwili ndani ya Biblia, anasema hakutaka niisome nikiwa mahali ambapo hasira ingeniua.

Niliisoma nimesimama. Kisha nikatoka nikatembea ukingoni mwa mtaro mpaka askari akanirudisha. Miaka minne, Zedekia. Mtoto wangu ananiita "yule mzee". Nilikaa chini nikuandikie laana, na ninakuambia wazi nilikuwa nazo za kutosha. Niliandika jina lako, kalamu ikasimama, na si kwa sababu ya vidole.

Nisikilize. Wewe hujui yaliyotendeka baada ya mlango ule kufungwa. Waliniuliza, "Mabomba umempa nani?" Nikasema sikumpa mtu. Waliendelea kuuliza, na wewe umeona watu wakitoka mle, sina haja ya kukueleza wanavyouliza. Siku ya tisa nikasema, "Gathecha."

Nimejiuliza kwa nini jina lile. Sikuwa na ugomvi naye. Nadhani ni kwa kuwa wiki zile za Ndabibi yeye ndiye mtu niliyekuwa nikimwona kwanza kila asubuhi, na jina lake lilikuwa karibu na mdomo. Nilisema Gathecha wakaacha. Wakanipa maji. Niliyanywa, Zedekia, na yalikuwa matamu.

Ungesema ukweli nisingeulizwa. Hilo ni lako na sikuondolei. Lakini aliyelitoa jina ni mimi.

Sasa nakaa mlango kwa mlango na mama mzaa chema anayemlilia mwanawe. Mama Mugure ananiandalia chakula na bado anauliza, "Nani angemtaja?" Nami naangalia sahani. Siku kumi na nne sasa. Naona inavyokuwa kama ulivyoandika, leo inakwenda kesho, na kesho unakuwa na deni la leo pia.

Nakuandikia wewe kwa sababu katika watu ninaowajua ni wewe tu uliyewahi kulifanya hili jambo la kusema. Niambie linaanzwaje. Ulipokaa na karatasi, ulianza na neno gani?

Naftaly Mburu


Njoro,
24 Novemba 1956

Fundi Naftaly,

Niliandika barua nyingi nikazichana. Zote zilianza na "Nilikuwa naogopa", au "Nisamehe". Niligundua kwamba nikianza hivyo yeye ndiye atakayelazimika kunibembeleza.

Mwisho nilianza na tarehe. Sema tarehe, sema ulipokuwa, kisha sema ulichofanya. Ukifika hapo mengine yatatoka yenyewe. Usimwambie habari ya maumivu yako mpaka akuulize.

Nilipoona mwandiko wako kwenye bahasha sikuifungua kwa siku mbili. Sijui niseme nini kuhusu Gathecha. Sina haki ya kukupa pole.

Zedekia


Kandara,
10 Desemba 1956

Zedekia Omolo,

Naftaly aliniambia Jumapili ya kwanza ya mwezi huu, baada ya kanisa. Alianza kwa kutaja tarehe, nikadhani ni habari ya kodi. Nilikuwa namenya viazi. Alipomaliza niliendelea kumenya mpaka vikaisha vyote, hata vile tulivyoweka vya mbegu. Kisha nikamwambia, "Mimi nimesikia. Kwa mama utakwenda mwenyewe, na utasema maneno haya haya."

Nimekaa na barua yako miaka miwili nikikuchukia wewe peke yako. Ilikuwa rahisi. Nilikuwa na jina moja na sura moja. Sasa mwingine yuko nyumbani mwangu, anachonga mpini wa jembe kwa mkono wa kushoto, na namjua mpaka anavyokohoa. Sijui bado nitakaa naye vipi. Nakaa naye.

Alikwenda kwa mama Jumatano. Nilisimama mlangoni. Mama hakupiga kelele. Alisikiliza akiwa ameshika magoti, kisha akauliza jambo moja tu.

"Walikuuliza mara ngapi kabla hujamtaja mwanangu?"

Naftaly akasema, "Mara zenyewe sikuzihesabu, mama. Siku zilikuwa tisa. Asubuhi na mchana."

Mama akaniambia nimpe mume wangu kigoda. Hajamsalimu tangu siku hiyo, na sijui kama atamsalimu. Lakini kigoda alimpa.

Nikamsomea na barua yako, yote, nikiigeuza kwa Kikuyu. Akauliza mtu huyu yuko wapi. Nikamwambia yuko Njoro, anachomelea majembe. Akasema, "Mwambie aje. Nina swali lile lile kwake."

Uje mchana. Macho yake hayaoni vizuri jioni, na anataka kukuona.

Wamaitha


Njoro,
15 Desemba 1956

Mama Mugure,

Kibali nimekipata. Nitafika Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili, mchana, kama lori la Thika halitachelewa.

Jibu la mama yako ninalo tayari, na sitaki ulisikie kwa mara ya kwanza mbele yake. Niliulizwa mara moja. Aliyeniuliza alikuwa ameketi, akiandika, na hakuinua kichwa.

Zedekia Omolo